Mtalaka Hatongozwi: Maoni ya Wasomaji Kuhusu Riwaya Pendwa za Wapenzi Wanaorudiana

1. Utangulizi

Riwaya pendwa ya Kiswahili imekuwa na wasomaji wengi na wahakiki wachache. Tangu Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, kupitia kazi za John Simbamwene kama Mwisho wa Mapenzi (1971), hadi riwaya za Elvis Musiba na Ben Mtobwa, utanzu huu umesomwa mijini na vijijini bila kusubiri idhini ya wataalamu. Hata hivyo, uhakiki mchache uliopo umeelekea zaidi kwenye riwaya ya upelelezi kuliko ile ya mapenzi.

Miongoni mwa visa vinavyojirudia katika riwaya ya mapenzi ni kile cha wapenzi wa zamani. Wawili waliopendana wanatenganishwa na fitina, wazazi au safari, miaka inapita, kisha wanakutana tena na kurudiana. Lawama inayotolewa mara kwa mara dhidi ya kisa hiki ni wepesi wake: mwisho unajulikana tangu kurasa za mwanzo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lawama hiyo inapima jambo ambalo msomaji wake hana haja ya kulipima. Msomaji wa riwaya hizi hasomi ili ajue kama wawili hao watarudiana. Anasoma ili aone watarudianaje, na kama kurudiana kwao ni halali machoni pa jamii anayoijua. Kata ya Kibuta, wilayani Kisarawe katika Mkoa wa Pwani, inatumika hapa kama kielelezo cha mazingira ambamo maoni ya aina hiyo hujengeka.

2. Msomaji katika uhakiki

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sehemu kubwa ya uhakiki nchini Tanzania ilipima kazi ya fasihi kwa mchango wake katika ujenzi wa jamii mpya. Kwa kipimo hicho, riwaya ya mapenzi mepesi ilionekana kuwa burudani inayomsahaulisha msomaji hali yake halisi. Kipimo hicho kilikuwa na sababu zake, lakini kilimchukulia msomaji kama chombo kitupu kinachojazwa na mwandishi.

Nadharia ya upokeaji ilileta mtazamo tofauti. Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, waliofundisha katika Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, walisisitiza kwamba maana ya kazi hukamilishwa na msomaji, naye huijia kazi hiyo akiwa na upeo wake wa matarajio. Nchini Marekani, Janice Radway alichapisha mwaka 1984 utafiti wake juu ya wanawake wasomaji wa riwaya za mapenzi. Alibainisha kwamba wasomaji hao walithamini tendo lenyewe la kusoma kama muda wao binafsi, mbali na madai ya kazi za nyumbani, na kwamba walikuwa na vigezo vyao vya kutenganisha riwaya nzuri na mbaya. Kwa hiyo wepesi wa kitabu si ushahidi wa wepesi wa msomaji. Swali linalobaki ni hili: msomaji wa Kiswahili anakuja na vigezo gani?

3. Mazingira ya upokeaji: mfano wa Kibuta

Kibuta ni sehemu ya nchi ya Wazaramo, nyuma ya jiji la Dar es Salaam. Vijana huenda jijini kutafuta riziki na kurudi kwa misiba, harusi na mapumziko. Kwa hiyo kisa cha mtu aliyeondoka, akaacha ahadi, kisha akarudi akiwa amebadilika, si cha kubuni tu kwa msomaji wa huko. Ni jambo linaloweza kutokea katika nyumba ya jirani.

Uwezo wa kusoma nao umeenea kwa muda mrefu. Kutokana na kampeni ya kisomo cha watu wazima, takwimu za serikali za mwaka 1986 zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika nchini walikuwa chini ya asilimia 10. Vitabu, hata hivyo, havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mahali ambapo vitabu ni haba, kimoja hupita mikono mingi, na aliyekwisha kukisoma humsimulia asiyekisoma. Maoni juu ya riwaya basi huzaliwa katika mazungumzo, nayo huchukua sura ya hukumu: nani alikosa, nani amsamehe nani.

Aidha, jamii hii ina mafunzo yake juu ya mapenzi na ndoa. Mwali wa Kizaramo hufundwa na kungwi wake, na ngoma ya mkole ni sehemu ya mafunzo hayo. Katika uchumba, posa hupelekwa na mshenga, mjomba ana kauli, na pamoja na mahari hutajwa mkaja na kilemba. Msomaji aliyelelewa katika utaratibu huo hawezi kuyaona mapenzi kuwa shauri la watu wawili peke yao.

4. Methali kama upeo wa matarajio

Upeo wa matarajio wa msomaji huyu unaweza kusomeka katika methali anazozitumia kutetea maoni yake. Anayefurahia kurudiana kwa wahusika atasema kwamba ya kale ni dhahabu, au atamkumbusha mhusika asiache mbachao kwa msala upitao. Anayepinga atajibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba mla kunde husahau lakini mtupa maganda hasahau. Methali hii ya mwisho ni nzito zaidi, kwa kuwa inawatenganisha wahusika wawili ambao mwandishi huwa na hamu ya kuwaunganisha: aliyefaidi penzi na kuondoka, na aliyebaki akisafisha aibu yake.

Usemi ulio karibu zaidi na kisa chenyewe ni ule usemao: mtalaka hatongozwi. Maana yake ni kwamba waliokwisha kujuana hawahitaji maneno mengi. Mlango uliofunguliwa jana hufunguka kwa urahisi leo. Ni usemi wa mzaha, lakini ndani yake mna onyo kwa mke mpya na dharau kwa mke wa zamani, ambaye thamani yake inachukuliwa kuwa imekwisha kulipwa.

Hapa ndipo riwaya ya wapenzi wanaorudiana inapopata uzito wake. Urefu wake wote unategemea kuukana usemi huo. Ili kisa kiwepo, mwanamume hana budi kutongoza upya kana kwamba hakuwahi kumjua mwanamke huyo: aombe radhi, angoje, akataliwe, athibitishe. Riwaya inayomrudisha mwanamke kwa barua moja au kwa kukutana kwa bahati mbele ya kituo cha basi inauthibitisha usemi, na msomaji wa kike ana sababu ya kuiona imemdhalilisha. Mabishano juu ya mwisho wa kitabu, kwa hiyo, ni mabishano juu ya thamani ya mwanamke aliyekwisha kupendwa na kuachwa.

5. Sheria ya kurejeana na ukimya wake

Jambo la pili linaloathiri maoni ya msomaji ni kwamba kurejeana kwa waliooana kuna kanuni. Katika sheria ya Kiislamu, dini ya Wazaramo wengi, talaka rejea humruhusu mume kumrejea mkewe ndani ya eda bila ya akidi mpya. Eda ikiisha, hapana budi kufunga ndoa mpya kwa mahari mapya. Baada ya talaka ya tatu, hawezi kumwoa tena mpaka mwanamke awe ameolewa na mume mwingine na ndoa hiyo ikavunjika. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka kanuni kwamba, isipokuwa katika hali maalumu, shauri la talaka lipite kwanza katika baraza la usuluhishi. Katika njia zote hizi, kurudiana kuna muda, gharama na mashahidi.

Wapenzi ambao hawakuoana hawana eda, hawana baraza, wala hawana idadi ya talaka. Sheria imenyamaza juu yao. Riwaya inaingia katika ukimya huo, na msomaji anajikuta akifanya kazi ya mzee wa baraza. Maswali anayoyauliza yanaweza kufupishwa katika matatu. Kwanza, aliyekosa amekiri mbele ya nani? Radhi iliyoombwa faraghani haimtoshi mtu aliyeaibishwa hadharani. Pili, wazee wameshirikishwaje? Kurudiana kusikopita kwa mshenga huonekana ni kuiba. Tatu, wale waliokuwa katikati wamefanywa nini: mchumba mpya, na hasa mtoto kama yupo? Mwandishi anayemwondoa mchumba mpya kwa ajali ya gari ili kuwafungulia njia wapenzi wake hawezi kumridhisha msomaji wa aina hii, kwa kuwa amekwepa shauri badala ya kulikata.

6. Mfano kutoka riwaya ya dhati

Kisa hiki hakimo katika riwaya pendwa pekee. Katika Shida (1975) ya Ndyanao Balisidya, Chonya na Matika, vijana waliotoka kijijini, wanapatwa na taabu tofauti mjini kabla ya njia zao kukutana tena. Kukutana huko kunasadikika kwa sababu kila mmoja amelipa gharama yake, na hakuna mwenye haki ya kumtupia mwenziwe jiwe. Tofauti baina ya riwaya hiyo na riwaya nyepesi haimo katika kisa bali katika hesabu: ya kwanza inaonyesha deni lote, ya pili mara nyingi huficha sehemu yake. Msomaji anayeuliza juu ya mtoto aliyesahauliwa katika sura ya tatu ameitambua tofauti hiyo bila ya kufundishwa istilahi yoyote.

7. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba maoni ya wasomaji juu ya riwaya za wapenzi wanaorudiana yana misingi inayoweza kufafanuliwa: methali zinazopingana, mafunzo ya unyago, utaratibu wa posa na sheria za kurejeana. Mwisho unaojulikana mapema si kasoro kwa msomaji huyu, kama ambavyo harusi haipungui utamu kwa kuwa kila aliyealikwa anajua itaishaje. Kasoro ni mwisho usiostahiliwa. Uhakiki wa fasihi pendwa utafaidika ukianza na maswali hayo, na kuyapeleka kwa mwandishi kama yanavyoulizwa: nani alikosa, nani alishuhudia radhi, na mtoto analelewa na nani.