Tuulize Kabla ya Kumeza

Mkulima wa Bugene ashindaye shambani akichuma buni na kubeba mikungu ya ndizi, jioni mgongo humwuma. Hupita dukani akanunua vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni, akameza, akalala. Kesho hurudia. Hatumlaumu, maana kazi ni lazima ifanywe, na maumivu hayana subira. Lakini yatupasa kusema wazi jambo ambalo wengi hawajaambiwa: vidonge hivyo, hasa vikimezwa siku nyingi mfululizo, huweza kuudhuru moyo.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Dawa za jamii hiyo huzuia figo zisitoe chumvi na maji ipasavyo. Maji yakibaki mwilini, shinikizo la damu hupanda, na moyo hulazimika kusukuma mzigo uliozidi. Tena hupunguza nguvu ya dawa nyingi za shinikizo. Basi mgonjwa wa presha hujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mkono wa pili.

Haya si maneno ya vijiweni. Mwaka 2004 kampuni ya Merck ya Marekani iliiondoa sokoni dawa yake ya maumivu iitwayo Vioxx, baada ya kudhihirika kwamba iliongeza hatari ya shtuko la moyo na kiharusi. Mwaka 2013 wakaguzi wa dawa wa Ulaya walisema diklofenaki isitumiwe na wenye maradhi makubwa ya moyo. Mwaka 2015 Marekani ilionya kwamba hatari yaweza kuanza katika majuma ya kwanza ya kutumia dawa hizi.

Hatusemi wananchi wavumilie maumivu. Twasema waulize. Mwenye maradhi ya presha, moyo au figo amwone mganga kwanza. Mara nyingi parasetamoli, kwa kipimo chake, humfaa zaidi. Asiyejua hali yake aende zahanati akapimwe, kwani presha huingia bila kubisha hodi. Naye aliyepewa na daktari aspirini kidogo ya kuulinda moyo, asiiache kwa hofu.

Wauza dawa nao wana wajibu. Kabla ya kupokea fedha, wamwulize mnunuzi kama ana presha. Na viongozi wa matawi, Bugene hata Kayanga, walitangaze jambo hili mikutanoni. Tangu siku za TANU tuliapa kupigana na umaskini, ujinga na maradhi. Vita hivyo havijakwisha. Kila tawi na lishike zamu yake.