DJ wa video miksi Mwanza: Kazi yake iko kila basi, hela yake iko wapi?

Basi la kwenda Bukoba likishatoka stendi ya Nyegezi na konda akamaliza kukagua tiketi, skrini ya mbele inawaka. Inaanza Bongo Fleva ya zamani, inaingia amapiano, halafu katikati ya kiitikio sauti nzito inataja jina la DJ. Chini ya picha kuna namba ya simu. Mpaka mnafika daraja la JPM pale Kigongo, abiria wote wameshalijua jina hilo, ingawa hakuna aliyewahi kumuona mwenyewe.

Ile namba ya simu ndiyo biashara yenyewe. Watu wengi wanadhani DJ wa video anauza miksi. Ukweli ni kwamba miksi anaigawa bure, tena kwa kuisukuma ifike mbali iwezekanavyo: kwa konda, kwa mwenye baa, kwa kijana wa library anayeingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Anachouza ni yeye mwenyewe kuja kupiga kwenye sherehe yako.

Anafanya nini hasa?

Miksi ya kawaida ni nyimbo zilizopangwa kwenye foleni, moja ikiisha nyingine inaingia bila muziki kukatika. Mashapu ni kazi ngumu zaidi. Hapo DJ anachukua sauti ya mwimbaji wa wimbo mmoja na kuilaza juu ya biti ya wimbo mwingine, mpaka ionekane kama walikuwa studio moja.

Hesabu yake ni ya mapigo kwa dakika. Bongo Fleva nyingi zinacheza karibu na mapigo 100, wakati amapiano iko kwenye 112 hivi. Ukitaka sauti ya wimbo wa mapigo 104 ikae juu ya biti ya 112, lazima uiharakishe kwa karibu asilimia 8. Programu za siku hizi kama VirtualDJ na Serato zinaharakisha bila kupandisha sauti, ila DJ akisahau kuwasha kitufe hicho, mwimbaji mzima anaanza kusikika kama kijana ambaye bado hajabalehe. Singeli inatisha kwa kasi yake, mapigo 200 na kuendelea, lakini kwa mashapu ni rahisi kuliko inavyoonekana: pigo moja la wimbo wa 100 linakaa sawasawa na mapigo mawili ya singeli ya 200. Ndiyo maana wimbo wa mapenzi wa taratibu unaweza kuwekwa juu ya singeli na ukumbi ukalipuka.

Hayo ni ya masikio tu. Kwenye video kuna swali ambalo DJ wa redio hakutani nalo: ukiwa na sauti ya msanii mmoja na biti ya mwingine, skrini ionyeshe sura ya nani? Walio makini wanamuonyesha mwimbaji kwenye ubeti, wanakwenda kwa wachezaji wa video ya pili biti inapopanda, kisha wanarudi. Picha nayo lazima iharakishwe kwa asilimia zilezile, la sivyo midomo inaachana na maneno. Dakika moja ya mashapu safi inaweza kula saa nyingi mbele ya kompyuta.

Zamani haya hayakuwezekana hadharani. Ni mpaka mwaka 2004, Pioneer walipotoa mashine ya DVJ-X1, ndipo DJ alipoweza kukwaruza picha ya DVD kama anavyokwaruza santuri. Leo laptop ya kawaida inafanya kazi hiyo.

Kisha kuna mambo madogo ambayo hayafundishwi popote. Runinga nyingi za mabasi na redio za kichina zinasoma flashi ya mfumo wa FAT32 tu, na mfumo huo haupokei faili moja linalozidi GB 4. Miksi ya saa moja kwa ubora wa kati ni kama GB 1 na kidogo, kwa hiyo inapita. DJ anayependa sifa akitoa saa tatu kwa ubora wa juu kabisa, kazi yake inaweza kugoma kwenye basi. Kwa maana nyingine, hakuna tangazo.

Tatizo linaanzia kwenye umiliki

Nyimbo si zake, na video si zake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani ainakili, nani aibadilishe na nani aisambaze. Mashapu inafanya yote matatu kwa mpigo. Na mwenye baa akilipia leseni ya kupiga muziki hadharani, mirabaha inawahusu wenye nyimbo, siyo aliyezichanganya.

YouTube nako ni vilevile, kasoro kule anayekagua ni kompyuta. Mfumo wa Content ID, ulioanza mwaka 2007, unalinganisha kila video inayopandishwa na kazi zilizosajiliwa na wamiliki. Mwenye wimbo akigundulika humo anachagua: aifungie video, achukue hela ya matangazo, au aangalie tu takwimu. Sasa piga hesabu ya miksi yenye nyimbo 20. Wenye nyimbo 19 wanaweza kuiacha, lakini mmoja akisema ifungwe, yote inafungwa. Mwenye kazi akiamua kupeleka maombi rasmi ya kuondoa video, hiyo ni onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuua chaneli nzima na kila kilichomo.

Ndiyo sababu flashi bado inatawala. Mtaani hakuna Content ID. Lakini mtaani pia hakuna wa kumlinda DJ: mwingine anaweza kukata jina lake, akabandika la kwake pamoja na namba yake, na baada ya wiki mbili simu za sherehe zinaingia kwingine. Aliyeibiwa ataenda kulalamika wapi, wakati malighafi yenyewe hakuiombea ruhusa? Ndiyo maana sauti ya jina inarudiwa kila baada ya dakika moja au mbili, tena katikati ya kiitikio ambapo ukiikata unaharibu wimbo. Abiria wanakereka. Kwake huo ni ulinzi pekee alionao.

Wapo waliotoka hapo

Kanda ya ziwa haikuanza jana kuongezea sauti yake kwenye picha za wengine. Mtindo wa kutafsiri filamu ulivuka kutoka Uganda, ambako wanaitwa ma-VJ, na huku aliyevuma ni Lufufu, jina halisi Derek Gaspar Mukandala. Wao pia walikuwa wakifanyia kazi mali isiyo yao. Ila mwaka 2010 studio ya Wakaliwood ya Kampala ilipotengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex, VJ Emmie alipewa nafasi ndani ya filamu hiyo, na maneno yake ni sehemu kubwa ya umaarufu wake duniani. Mwaka huohuo nchini Marekani, Mike Relm, DJ wa video, alipewa kazi ya kutengeneza remiksi rasmi ya Iron Man 2. Kote mwenye picha alikuja mwenyewe kwa mchanganyaji.

Tanzania njia iliyozoeleka ni DJ kushikamana na msanii. RJ The DJ ni DJ wa Diamond Platnumz na ametoa nyimbo kwa jina lake. Njia nyingine ni majukwaa yenye makubaliano na wenye nyimbo, kama Mdundo, iliyoanzia Kenya na kuingia soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020. Inasambaza miksi za ma-DJ kihalali, lakini za sauti. Ufundi wa picha unabaki nje.

Mwanza kuna mlango ambao haujatumika vya kutosha: waimbaji wa Kisukuma. Video zao zinapendwa Geita, Simiyu na Shinyanga, na wengi wanajisimamia, hawana lebo ya kuvuka. Ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwimbaji mmoja, hata ya ukurasa mmoja yenye sahihi za pande zote mbili, inampa DJ kazi anayoweza kuipandisha bila hofu na kuitetea ikiibiwa.

Wakati wake ni baada ya mavuno, Juni mpaka Agosti, ngoma na harusi zinapofuatana vijijini. Wanaotaka namba yao isomeke kwenye skrini msimu huo wanaanza kugawa flashi Nyegezi mapema, mwezi wa nne.