Printa moja kwa biro zote za kanisa

Hapa Mutarule tunaulizwa: bila intaneti, biro zote zitachapaje kwenye printa moja? Intaneti haihitajiki, vyombo vyote viwe tu katika mtandao mmoja wa ndani.

Tunaunga printa kwenye ruta kwa waya. Kompyuta ya mwandishi hupitia waya, simu hupitia Wi-Fi ya ruta hiyohiyo. Mkiongeza ruta ya pili, ipeni anwani tofauti na ya kwanza, zimeni DHCP yake inayogawa anwani, na waya uingie tundu la LAN, si WAN. La sivyo itazaa mtandao wa pili, na simu hazitaiona printa.

Mwisho, wekeni neno la siri, wala msiache karatasi kwenye printa: siri za washirika ni amana kwetu.