Chipu inayonyamaza ikikuta sifuri

Apple IIGS, kompyuta ya nyumbani iliyotangazwa Marekani Septemba 1986, ilikuwa na chipu ya sauti yenye masharti kama ya mganga. Unaweza kuilisha namba yoyote kuanzia 1 hadi 255 na itapiga. Ikikuta sifuri, inanyamaza.

Chipu yenyewe ni Ensoniq 5503, kazi ya mhandisi Bob Yannes, ambaye kabla ya hapo alibuni SID, chipu ya sauti ya Commodore 64. SID huunda mawimbi yake yenyewe: unaitajia umbo la wimbi na kasi yake, mengine inajua. Ensoniq haijui kuunda wimbi lolote. Kazi yake ni kusoma namba zilizopangwa kwenye kumbukumbu na kuzigeuza kuwa umeme wa kutikisa spika. Ukiweka namba za kinanda utasikia kinanda, ukiweka za mbwa utasikia mbwa.

Kumbukumbu hiyo ni kilobaiti 64, za sauti peke yake, na prosesa ya kompyuta haiwezi kuzigusa moja kwa moja. Inapitia anwani nne tu, $C03C mpaka $C03F. Mbili za mwisho hutaja mahali baiti inapokwenda, $C03D hupitisha baiti yenyewe, na $C03C ni ya udhibiti. Humo kuna biti moja ambayo ukiiwasha, mahali panasogea penyewe kila baiti inapoingia. Usipoiwasha, utataja mahali upya mara 65,536 ndipo ujaze kumbukumbu nzima. Kusoma nako kuna vituko vyake: baiti unayopewa ni ya ombi lililotangulia, kwa hiyo unasoma mara mbili na ile ya kwanza unaitupa.

Sasa turudi kwenye sifuri. Kimya, kwa chipu hii, ni 128, katikati kabisa. Wimbi hupanda na kushuka kutoka hapo. Sifuri imetengwa iwe alama ya mwisho, na sababu yake ni ya maana. Chipu hupima sauti kwa vipande vya ukubwa maalumu: baiti 256, 512, 1,024, hivyo hivyo kwa kuzidisha mara mbili hadi 32,768. Mlio wa baiti 5,000 hukaa katika kipande cha 8,192, na bila alama chipu ingeendelea kupiga takataka zilizobaki mbele. Lakini sifuri moja haitoshi. Noti ikiwa ya juu, chipu huruka baadhi ya baiti, na inaweza kuiruka hiyo hiyo. Ndiyo maana hupangwa sifuri kadhaa mfululizo. Na sauti iliyorekodiwa lazima ichujwe kwanza, kila sifuri iliyomo igeuzwe 1, la sivyo wimbo utakatika katikati.

Kwa kasi ya kawaida ya chipu, kama namba 26,000 kwa sekunde, kilobaiti 64 huisha baada ya sekunde mbili na nusu. Kupiga sauti ndefu zaidi kunahitaji sehemu mbili za chipu zipokezane: moja inapiga nusu yake huku prosesa ikijaza nusu ya pili, kisha zinabadilishana. Prosesa ikichelewa, chipu haisubiri. Inarudia kupiga kilekile kilichokuwamo.