Mwanga wa Asteroidi na Mawe ya Thika

Tarehe 16 Julai 2011, mchana kweupe, mawe yalianguka kutoka angani upande wa Thika, nchini Kenya. Wataalamu waliyaweka katika daraja la L6: kondriti ya kawaida, yaani kimondo cha mawe chenye chuma kidogo, iliyowahi kupikwa kwa joto ndani ya asteroidi iliyoizaa. Asteroidi ya namna hiyo tunaitambuaje ikiwa bado iko huko juu?

Hata kwa darubini kubwa, nyingi huonekana kama nukta tu. Tunachopokea ni mwanga wa jua unaoakisiwa, na ung'avu wake peke yake hudanganya. Chukua asteroidi mbili zilizo umbali mmoja, zinazong'aa sawasawa. Ya mawe, aina S, hurudisha takriban asilimia 20 ya mwanga. Ya kaboni, aina C, yapata asilimia 5. Ikiwa ya kwanza ina upana wa mita 120, ya pili lazima iwe na mita 240, yaani ujazo mara nane. Kwa anayekadiria madhara ya kugongwa, hilo si jambo dogo.

Ndiyo maana hupimwa pia joto, kwa mwanga wa infraredi: uso mweusi humeza jua na kupata moto zaidi, kama shati jeusi. Kisha rangi. Mwanga ukipitishwa kwenye vichujio, aina S huelekea wekundu, na hufifia karibu na mikrometa 1, alama ya madini ya olivini na piroksini. Aina C haina alama hiyo.

Hata hivyo, rangi za asteroidi aina S, zilizodhaniwa kuwa chanzo cha kondriti za kawaida, hazikulingana barabara na kondriti zilizopimwa maabara, na ubishi ukadumu miaka mingi. Chombo cha Japani, Hayabusa, kilifika asteroidi Itokawa mwaka 2005 na kurudisha vumbi lake mwaka 2010. Vumbi lilikuwa la kondriti aina ya LL, ndugu wa karibu wa mawe ya Thika. Rangi hazikulingana kwa sababu upepo wa jua, yaani chembe zinazotoka juani, ulikuwa umeubadilisha uso wa Itokawa rangi.

Mawe ya Thika yalikuja bila mtu kuupima mwanga wake angani. Sudan ilibahatika: asteroidi 2008 TC3 iligunduliwa tarehe 6 Oktoba 2008, ikapimwa kwa darubini, ikaanguka kesho yake. Wanaastronomia Peter Jenniskens na Muawia Shaddad, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum, wakaenda jangwani kuokota vipande vyake, na kwa mara ya kwanza mwanga uliopimwa angani ukalinganishwa na jiwe lenyewe mkononi.