Kuchagua Kerezo la Chuma kwa Karakana ya Nyumbani

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamemwona seremala akikereza mguu wa kitanda. Mashine ya kukerezea chuma, ambayo hapa nitaiita kerezo, hufanya kazi ya namna ile ile, ila fundi hakishiki kisu kwa mkono. Chuma hufungwa katika chaki, yaani kile kishikizo chenye taya tatu au nne, nacho huzunguka. Kisu hufungwa juu ya kigari kinachotembea juu ya kitanda cha mashine kwa nguvu za parafujo, basi fundi aweza kupunguza unene wa chuma kwa kiasi cha unywele au chini yake. Mwingereza mmoja, Henry Maudslay wa London, alitengeneza kerezo bora la namna hii karibu na mwaka 1800, na tangu hapo umbo lake halikugeuka sana.

Habari hizi nimezifuata kwa ajili ya baba yangu mdogo, ambaye ana karakana ya kuchomelea nyuma ya nyumba yake, hapa kwetu Uganda. Shafti ya mashine ya kusaga mahindi ikilika pale inapokaa beringi, yeye aweza kuijaza kwa kuchomelea, lakini kuirudisha katika unene wake hawezi. Hapana budi ipelekwe Katwe, mjini Kampala, kwa mafundi wenye makerezo. Huko hukaa siku mbili au tatu, na siku hizo kijiji kizima huchukua mahindi kichwani mpaka ng'ambo ya bonde. Mwaka huu aliuza ng'ombe watatu ili anunue kerezo lake mwenyewe, akaniita nimsaidie kusoma maandishi ya mashine na kupiga hesabu. Watoto wake wawili wangali shuleni, kwa hiyo fedha zile zikiharibika hana nyingine.

Kabla ya kuuliza bei tulikwenda kupima kazi yenyewe. Shafti za mashine za kusaga za kwetu tulizipima nne; iliyo ndefu kupita zote ilikuwa sentimita 46, na unene wake milimita 40. Ukubwa wa kerezo hutajwa kwa vipimo viwili: kipenyo kikubwa kiwezacho kuzunguka juu ya kitanda, na urefu wa chuma kiwezacho kukaa kati ya ncha mbili za mashine. Mnunuzi na aangalie hapa, maana wauzaji hutaja kipenyo cha juu ya kitanda, na juu ya kigari nafasi ni ndogo zaidi. Tena yafaa kupima tundu lipitalo katikati ya mhimili unaozunguka. Chuma chembamba kuliko tundu hilo chaweza kupitishwa nyuma hata kiwe kirefu, kinene hakipiti.

Dukani tulionyeshwa kerezo dogo jipya kutoka China, la namna inayouzwa duniani kote kwa rangi na majina mbalimbali. Kipenyo ni milimita 180, urefu milimita 350, tundu milimita 20, na uzito wa kilo 40 hivi. Lilikuwa linang'aa. Muuzaji alilisifu kwamba laweza kuzunguka mara 2500 kwa dakika, na watu waliosimama pale walistaajabu.

Lakini hebu tupige hesabu. Chuma cha kawaida kikikatwa kwa kisu cha chuma kigumu chataka mwendo wa mita 25 hivi kwa dakika. Shafti ya milimita 40 ina mzingo wa milimita 126 hivi, basi mizunguko itakiwayo ni 200 tu kwa dakika. Puli ya milimita 100 yataka 80. Ile 2500 ni ya vitu vyembamba sana. Na makerezo mengi ya namna ile hupunguza mwendo kwa kupunguza nguvu za mota, hata pale fundi anapotaka nguvu nyingi mota huwa dhaifu, na akilazimisha husimama.

La pili ni uzito. Kilo 40 ni faida kwa mtu wa kuhama nyumba, lakini kisu kinapokisukuma chuma, mashine nyepesi hujipinda kidogo na kutetemeka, na uso wa kazi hutoka na mawimbi kama barabara ya vumbi baada ya mvua. Dawa yake ni kukata kidogo kidogo. Kwa mtu atengenezaye bushi za pikipiki na pini, mashine hiyo yatosha kabisa, wala siidharau. Kwa shafti ya sentimita 46 haikufaa hata kwa urefu.

Mashine ya pili ilikuwa kuukuu, Myford ML7 ya Uingereza, katika karakana iliyofungwa. Namna hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1946. Kipenyo chake ni inchi 7, karibu sawa na ile ya China, lakini urefu ni inchi 20, yaani sentimita 50 na zaidi. Ina gia za nyuma ambazo hupunguza mwendo mpaka mizunguko 35 hivi huku nguvu zikiongezeka. Kiwanda chake cha Beeston kilifungwa mwaka 2011. Tena vipimo vyake ni vya inchi, na bolti za pikipiki zetu ni za milimita. Kukata hesi za milimita kwa parafujo ya inchi kwataka gia yenye meno 127, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, na 127 ni mara tano yake kamili. Gia hiyo haikuwapo. Baba mdogo akaitaja katika bei, nayo ikashuka.

Mashine kuukuu haijulikani kwa rangi. Tulifunga chuma kirefu katika chaki, tukakiinua kwa mkono huku tukitazama kipimo cha saa: beringi zilizolika hucheza. Kisha tulikaza kigari karibu na chaki, mahali kinapofanya kazi zaidi, mpaka kikawa kinatembea kwa shida kidogo, tukakisukuma kuelekea mwisho wa kitanda. Kitanda kilicholika hukibana kigari huko mwisho kisipite kabisa. Chetu kilibanwa, lakini kikafika. Tulizungusha kila gia kwa mkono tukihesabu meno. Muuzaji akikataa mambo haya, rudi nyumbani.

Tazameni pia umeme. Makerezo makubwa ya viwandani yana mota za nyaya tatu za moto, na nyumba nyingi zina waya mmoja wa volti 240. Kuna kifaa kinachobadili umeme huo, au yaweza kuwekwa mota nyingine. Yote mawili ni fedha. Fedha nyingine huliwa na chaki ya taya nne, visu, mikrometa na miwani ya kulinda macho. Baba mdogo alitenga theluthi moja kwa vitu hivi, akanunua ile Myford kwa theluthi mbili.

Kuiweka chini ndiko kuliko tuchosha. Kitanda kikikazwa juu ya meza iliyopinda, nacho hupinda, na kazi hutoka nene upande mmoja. Kwa kujaribu, hufungwa chuma kinene katika chaki peke yake, bila ncha ya pili, kikachongwa kubaki pete mbili zilizo mbali, sentimita 10 hivi. Kisu hupitishwa juu ya zote mbili bila kuguswa kipimo chake, kisha pete hupimwa kwa mikrometa. Zikitofautiana, hutiwa bati jembamba chini ya mguu mmoja wa mashine, na kukata tena. Sisi tulirudia mara sita, mpaka pete zikatofautiana kwa mia moja za milimita mbili tu, na shafti ya kwanza ikafungwa Jumatatu iliyofuata.