Jiko la makaa haliingizwi chumbani

Jamaa zangu wa Maskati na Dubai wakinipigia simu huniuliza, "Mwalimu, baridi ya Marekani ikoje?" Mimi huwajibu kwa kisa kimoja.

Disemba 23, 2022 nilikuwa Buffalo kwa binti yangu, mtaa wa Kensington-Bailey, ilipoingia ile tufani ya theluji. Magari yalifunikwa barabarani, na katika wilaya ya Erie walikufa watu zaidi ya 40. Kwetu umeme ukakatika. Gesi ilikuwamo bombani, lakini tanuri la kupashia nyumba joto likazimika, maana feni yake yataka umeme.

Usiku jirani wa juu, mama wa Kikongo, akateremka na jiko lake la kuchomea nyama. "Mwalimu, watoto wanaganda. Tuwashe makaa humu ndani, tufunge madirisha?"

Binti yangu akanitazama. Wallahi, hata mimi nilitamani.

Nilisomeshwa na wamisheni, kisha nikafundisha kemia miaka mingi. Hesabu hii nimeiandika ubaoni mara nyingi: kilo moja ya kuni kavu hutoa joto la kiasi cha megajuli 16, makaa 30, mafuta ya taa 43, gesi ya mitungi 46, na gesi asilia karibu 50. Lakini hayo ni pale moto unapopata hewa ya kutosha. Kaboni ikiungua sawasawa huwa kaboni dioksidi, na kila kilo yake hutoa kama megajuli 33. Hewa ikipungua, kaboni huishia kuwa monoksidi, na hapo hupati ila megajuli 9 tu. Kwa hiyo ukifunga dirisha ili joto lisitoke, unalipunguza joto lenyewe, na unajaza chumba sumu isiyo rangi wala harufu. Hushika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husinzia, basi.

Nikamwambia, "Mama, jiko libaki nje. Lete watoto na mablanketi yote." Tukalala watu tisa chumba kimoja, mazulia tumeyatundika madirishani. Kila mwili una moto wake mdogo, unaochoma chakula tulichokula jioni. Asubuhi baridi ilikuwa kali, lakini tukahesabiana, sote tisa tuko.

Nyinyi wa Ghuba msiseme haya ni ya theluji tu. Msimu wa kupiga kambi jangwani unakuja, na watu huingiza makaa hemani. Ota moto nje, uzime kabla ya kulala. Jikoni, mwali wa gesi ukiwa wa manjano badala ya buluu, fungua dirisha na umwite fundi. Na mnunue kengele ya monoksidi. Bei yake haifiki karamu moja ya pilau.